Chuchu ya kushonwa au ya kuchorwa?

Mama mdogo alinionyesha picha kwenye simu yake tukiwa jikoni kwake Tukuyu, mvua ikigonga bati kama kawaida ya huko, akaniuliza kwa sauti ya chini ingawa nyumbani tulikuwa wawili tu: "Hivi hii imeota au imechorwa?" Kilikuwa kifua cha mwanamke wa Kizungu, upande mmoja titi la kuzaliwa nalo, upande wa pili titi lililoundwa hospitali. Niliikuza picha kwa vidole mpaka ikafifia, sikuweza kusema chuchu ipi ni ya Mungu na ipi ni ya fundi. Maelezo ya chini yalisema ya kulia ni wino mtupu. Ukipitisha kidole hukuti kitu.

"Basi macho ni wajinga," akasema mama mdogo, akarudi kwenye ndizi zake.

Alikatwa titi la kushoto kwa sababu ya saratani miaka 3 iliyopita. Picha aliitumiwa na binti mmoja wa Iringa waliyefahamiana Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, wakati wote wawili wakipigwa mionzi. Binti huyo baadaye aliundiwa titi jipya, na sasa daktari amemwambia achague: ashonewe chuchu au achorwe tatuu. "Mama, ungekuwa wewe ungechagua lipi?" ndiyo meseji iliyokuja chini ya picha. Mama mdogo akaona mimi niliyesoma nitajibu kwa sentensi mbili. Ilinichukua wiki kadhaa, kwa sababu ndani ya swali lile moja yamejificha maswali mengine, na ukianza kujibu lisilo lako unapotea.

Tuanze na chuchu yenyewe. Jicho linaona vitu viwili kwa mpigo bila kuvitenganisha: kinundu kinachochomoza, na duara la rangi nzito linalokizunguka. Kisu kinajua kutengeneza kinundu. Wino unajua kuweka rangi. Kinundu kilichoshonwa bila kutiwa rangi kinabaki na rangi ileile ya kifua, kama kifundo cha uzi kwenye shuka, na chuchu iliyochorwa bila kinundu ukiitazama kwa ubavuni inatoweka. Ndiyo maana kule ambako huduma zote mbili zipo, wanawake wengi wanaoshonwa huishia kuchorwa pia, miezi michache baadaye. Kwa wengi wao, basi, chaguo ni kati ya wino peke yake na kisu kinachofuatwa na wino.

Lipo jambo ambalo hakuna kati ya hivyo viwili kinacholirudisha, na nimesikia wanawake wakilitarajia. Ni hisia. Mishipa ya fahamu iliyokuwa ikileta msisimko kwenye chuchu ilikwenda na titi. Chuchu ya kushonwa haisimami kwa baridi ya Makete, hailegei kwa joto la Kyela, haitoi maziwa, na mume akiigusa mwenye nayo anaweza asijue kama hajaangalia. Inakaa hivyo hivyo ilivyoshonwa. Mwanamke anayekubali upasuaji kwa kudhani kuna kitu kitaamka humo anastahili kuambiwa kabla ya kulala kwenye kitanda, na kwa Kiswahili kinachoeleweka.

Swali la pili ndilo linalowatenganisha mama mdogo na yule binti, nalo watu hulipita bila kuliuliza: chini ya hiyo chuchu kuna nini?

Wanawake wengi wa Nyanda za Juu Kusini wanaokatwa titi hufungwa ngozi ikalala bapa juu ya mbavu, na hapo ndipo safari ya kisu inapoishia. Kuunda titi upya ni upasuaji mwingine mkubwa. Hutumika nyama na ngozi ya mgongoni inayozungushwa mpaka mbele ikiwa bado imeshikana na mshipa wake wa damu, au ngozi na mafuta ya tumboni, au mfuko wa silikoni. Wanaoufikia upasuaji huo ni wachache. Wagonjwa wengi nchini hufika hospitali uvimbe ukiwa hatua ya tatu au ya nne, na katika hatua hizo akili yote ya daktari na ya familia iko kwenye kuokoa maisha. Mabingwa wa upasuaji rekebishi nao ni wachache, na wengi wako Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya mjini, pamoja na kona zote za mlima Kitonga. Aliyekwisha kuiteremka Kitonga mara kadhaa kwa ajili ya dawa na mionzi, nauli ya kwenda kutafuta chuchu anaifikiria mara mbili.

Hilo lina maana gani kwenye uchaguzi? Kinundu cha chuchu hutengenezwa kwa ngozi na mafuta ya palepale kilipo. Daktari hachukui kitu dukani akakipachika. Mshonaji yeyote wa soko la Mwanjelwa, Mbeya, anaelewa mantiki yake: rinda hutoka kwenye kitambaa chenye nafasi, na nguo iliyobana haitoi rinda. Titi lililoundwa lina ngozi ya kukunja na mafuta ya kujaza. Kifua bapa kina ngozi nyembamba iliyokaza juu ya mfupa, na ukiikata kutengeneza kinundu, kidonda hakikutani vizuri na kinundu chenyewe hulala. Kwa hiyo mama mdogo, ambaye kifua chake kilifungwa bapa, alikuwa amekwisha kuchaguliwa na mwili wake kabla hajaulizwa. Kwake kisu cha chuchu kingedai kwanza kisu cha titi. Wino haudai hivyo, maana unaweza kuchorwa hata juu ya kifua bapa. Wako wanaochora chuchu pale ilipokuwa, na wako wanaochora ua au tawi kufuata kovu na kuachana kabisa na habari za chuchu.

Binti wa Iringa yeye alikuwa na njia zote mbili wazi. Titi lake lilitoka mgongoni, baada ya mionzi kumalizika, kwa hiyo ngozi ambayo chuchu ingekaa haikuwa imepigwa mionzi. Hilo ni jambo kubwa kuliko linavyosikika. Mionzi huifanya ngozi iwe ngumu na kuipunguzia damu, na kipande kidogo cha ngozi kilichokatwa pande tatu kinaishi kwa damu tu.

Upasuaji wenyewe, ukiusikia ulivyo, unapunguza hofu. Daktari huchora kwa kalamu juu ya titi umbo linalofanana na mabawa mawili na ulimi katikati. Anakata kufuata mistari, ananyanyua vipande hivyo na mafuta yake huku shina likibaki limeshika, kisha anayazungusha mabawa yakumbatiane na kuukunja ulimi juu kama kifuniko. Anashona. Mara nyingi ni kwa ganzi ya palepale, ndani ya saa moja, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo akiwa na kifungio chenye tundu katikati ili sidiria isiponde kazi. Husubiriwa kwanza titi jipya litulie, kwa kawaida miezi 3 au 4 au zaidi, kwa sababu titi likishuka baada ya chuchu kuwekwa, chuchu hushuka nalo na kutazama pasipofaa.

Sasa kasoro yake, ambayo ningependa itajwe kabla ya sifa. Chuchu ya kushonwa husinyaa. Kupoteza nusu ya urefu wake, au zaidi, katika mwaka wa kwanza ni jambo la kawaida, ndiyo maana madaktari huitengeneza ndefu kupita kiasi. Mwezi wa kwanza unaweza kujitazama kwenye kioo ukashtuka kuwa umepewa chuchu ya mtu mwingine. Wengine humalizia na kinundu kizuri cha kiasi. Wengine humalizia na bapa, na hao hujikuta kwa mchora tatuu waliyeweza kumfuata tangu mwanzo. Yako pia madhara ya kidonda cha kawaida, kama usaha, nyuzi kuachia, na ncha kufa kwa kukosa damu. Uvutaji wa sigara na kisukari kisichodhibitiwa huyaongeza.

Kuna njia nyingine ya kisu, ya kugawana: mwenye chuchu kubwa upande uliobaki hukatwa sehemu yake ikapandikizwa upande wa pili. Rangi inafanana kwa sababu ni ileile. Lakini unakwenda kujeruhi chuchu pekee yenye hisia uliyobaki nayo, na kwa anayetarajia kunyonyesha tena huo ni mchezo wa kubahatisha. Mimi binafsi singemshauri binti wa miaka 30 na kitu, ila mimi si daktari wake.

Tuje kwenye wino. Neno tatuu lilimfanya mama mdogo acheke, kisha anyamaze. Kwake yeye, kuchanjwa ngozi na kutiwa kitu cheusi ni chale, mambo ya mganga na wembe na masizi. Ubishi wa kanisani nao aliuona kwa mbali, maana mstari wa Mambo ya Walawi 19:28 katika Biblia ya Kiswahili unazitaja chale kwa jina. Nilimkumbusha kwamba mstari huo unasema chale "kwa ajili ya wafu", ingawa unakataza pia kuandika alama mwilini. Akasema atamuuliza mchungaji mwenyewe, siyo mimi. Ni haki yake, na Mwislamu naye atamuuliza shehe wake. Nisingependa mtu achorwe leo akaishi na hatia kesho.

Kiufundi, hata hivyo, chale na tatuu hii ni mbali na mbali. Mashine hupitisha sindano nyembamba sana na kuacha wino kwenye tabaka la pili la ngozi, chini kidogo ya lile linalobanduka kila siku. Mchoraji stadi haweki duara moja la rangi. Anaweka kivuli upande mmoja, mwanga upande mwingine, vipele vidogo kwenye duara, mpaka jicho lijaze lenyewe kile ambacho kidole hakikipati. Mchoraji Vinnie Myers wa Finksburg, Maryland, huko Marekani, alijulikana duniani kwa kazi hiyo tu, na picha nyingi zinazozunguka kwenye simu zetu ni za mtindo huo. Ukizitazama, kumbuka pia kwamba Marekani ina sheria ya mwaka 1998 inayoibana bima inayolipia kukatwa titi ilipie na kuliunda upya. Wale wanachagua wakiwa na mlipaji nyuma yao. Huku kwetu swali la kwanza la kupeleka dirisha la bima ni hilo: mnalipia nini baada ya titi kuondolewa, na mnalipia wapi? Ulizeni, na mwombe jibu la maandishi.

Picha hizo zina tatizo jingine ambalo sikulifikiria mpaka nilipokaa na mama mdogo dirishani, mchana, tukilinganisha. Karibu zote ni za ngozi nyeupe, na chuchu zake zina rangi ya waridi. Wino hukaa chini ya weusi wa ngozi yetu, kwa hiyo rangi yoyote utakayoiona itakuwa imechujwa na ngozi yako kwanza, kama kitu kilicholala chini ya chai ya rangi. Rangi nyepesi zinamezwa. Nyeupe, ambayo kwa mchoraji wa kule ndiyo inayoleta ule mng'ao wa kinundu, kwenye ngozi yetu hufifia au hugeuka kuwa ya vumbi. Anayewachora wanawake weusi vizuri hujenga kazi yake kwa giza: kahawia nzito, nyeusi kidogo, vivuli vilivyopangwa ili ngozi yenyewe ndiyo iwe mwanga. Ukimpata mchoraji, mwambie akuonyeshe picha za kazi zake kwenye ngozi kama yako, tena zilizopona, zenye umri wa mwaka, maana kila tatuu hupendeza siku ya kwanza. Kama amechora midomo na nyusi tu, hajachora kovu.

Kovu lina tabia zake. Sehemu moja hunywa wino, sehemu ya jirani huutema. Inabidi lipoe kwanza, lilainike, liache uwekundu, na hiyo ni miezi kadhaa. Kwa ngozi iliyopigwa mionzi ni zaidi, wengine huambiwa wasubiri mwaka. Aliye katikati ya kemo, yaani dawa kali za saratani, asithubutu, kinga yake iko chini. Na sisi watu weusi tuna keloidi, lile kovu linalovimba na kuvuka mipaka ya kidonda. Jipime kwa historia yako: ulipotoboa sikio palivimba? Kovu la upasuaji wenyewe limelala au limenyanyuka kama kamba? Ikiwa una mwelekeo huo, tahadhari ni kwa njia zote mbili, kisu na sindano. Mchoraji mwangalifu ataanza na nukta moja ndogo mahali pa siri na kukuambia urudi baada ya miezi.

Halafu sindano. Mikoa ya Njombe, Iringa na Mbeya imekuwa kwa miaka mingi juu kwenye orodha ya maambukizi ya VVU nchini, na homa ya ini nayo husafiri kwa njia ileile. Sindano ifunguliwe kwenye pakiti mbele ya macho yako. Kikombe cha wino kiwe kipya, na wino usizimuliwe kwa maji ya bomba, maana yako maambukizi sugu ya ngozi yaliyotokana na hilo tu. Mtu akikwambia anayo mashine saluni na bei ni ya kutupa, shukuru na uondoke. Kwa mwanamke anayeishi na VVU na anayetumia dawa vizuri, hali yake peke yake si marufuku kwa kisu wala wino. Ni jambo la kumwambia daktari ili wapange muda.

Tatuu hufifia kwa miaka na huenda ikarudiwa. Gharama hiyo ya kurudi ihesabiwe tangu mwanzo. Kwa upande wake, haina kitanda cha hospitali, na hukaliwa saa moja au mbili kwenye kiti. Na mpangilio wa kazi una siri yake: aliyeshonwa anaweza kuchorwa baadaye bila kuharibu kitu, lakini aliyechorwa akibadili nia akataka kushonwa, kisu kitapita katikati ya mchoro. Kama moyo unayumba kati ya viwili, usianze na wino wa kudumu.

Anza na wa muda. Hapa ndipo mama mdogo alinishinda ujanja. Mimi nilikuwa nimesoma kwamba hospitali nyingine humpa mgonjwa kibandiko cha duara ajaribu mahali pa kukiweka, akiwa amesimama mbele ya kioo na siyo amelala, kwa sababu titi likilala hudanganya. Yeye akasema, "Si hina ipo?" Alikata duara kwenye karatasi, jirani anayepamba maharusi akamchorea kwa hina ya majani, na kwa siku 9 akawa nayo: akioga, akibadili nguo, akijitazama akipita. Bei ya soda. Sharti ni kwamba kidonda kiwe kimepona kabisa, na iwe hina ya kweli. Piko, ile hina nyeusi, asiguse mtu, maana nyingi ni dawa ya kuzitia nywele weusi, na hiyo imewaunguza watu kwenye ngozi yenye afya, sembuse kovu.

Hina ilipofutika hakuomba tena. Sikumuuliza sababu. Binti wa Iringa alichagua kushonwa, na sababu yake haikuwa kwenye jedwali lolote nililomtengenezea: alitaka kitu kinachosukuma kitambaa, ili akivaa gauni kifua kiwe na pande mbili zinazofanana. Akaambiwa habari ya kusinyaa, akasema hata nusu inamtosha. Rangi ataiwaza mwakani. 

Njia ya tatu haitajwi sana kwa sababu hakuna anayepata ada kwayo, nayo ni kutofanya lolote mwilini na kushughulika na nguo. Titi la kufuma kwa uzi laini, lililojazwa pamba, na kifuko kidogo cha punje ndani kikilipa uzito ili bega lisipande upande mmoja, hukaa kwenye mfuko ambao fundi cherehani anaushonea ndani ya sidiria. Kwa eneo ambalo masweta yanafumwa tangu Makete mpaka Mufindi, wafumaji hawatafutwi. Mama mdogo alikuwa na lake tangu mwaka wa kwanza, bapa mbele, la uzi mweupe.

Sasa anafumiwa jingine, lenye chuchu. Alinituma Mwanjelwa nimletee uzi wa rangi ya kahawa ya Mbozi iliyokaangwa ikakolea. Nilirudi na madonge matatu. Aliyapeleka dirishani, moja baada ya jingine, akayaweka juu ya mkono wake, akayarudisha mawili kwenye mfuko. "Haya ni ya Wazungu," akasema.